Kompyuta mpakato yenye kasoro: Namna ya kudai matengenezo ya bure ukiwa Busia au Tororo

Kompyuta mpakato inapozimika kabla ya kutimiza mwaka tangu iliponunuliwa, jambo la kwanza linalomjia mwenye nayo ni kuipeleka kwa fundi wa mtaani na kuulizia bei. Hatua hiyo inaweza kumgharimu mara mbili. Atalipia kazi ambayo kampuni iliyoiunda mashine hiyo iliahidi kuifanya bure, na kwa kuruhusu ifunguliwe na fundi asiyeidhinishwa, anaweza kuipoteza ahadi yenyewe.

Kwa wakazi wa Busia na Tororo, kwenye mpaka wa Uganda na Kenya, kuna swali linalotangulia mengine yote: kompyuta ilinunuliwa upande gani? Busia ni mji wenye maduka pande zote mbili za mpaka, na kutoka Tororo hadi Malaba ni mwendo mfupi. Watu huvuka asubuhi, hununua mahitaji yao na kurejea jioni. Uvukaji wenyewe umerahisika tangu kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilipozinduliwa rasmi mwezi Februari 2018 na Marais Yoweri Museveni na Uhuru Kenyatta.

Haki za mnunuzi, hata hivyo, hazivuki mpaka kwa wepesi huo. Nani adaiwe, kwa sheria ipi na mbele ya chombo gani, ni mambo yanayotegemea sana mahali biashara ilipofanyika. Anayelifahamu hilo mapema huokoa nauli, muda na mara nyingi kompyuta yenyewe.

Madai mawili yanayochanganywa

Mnunuzi wa kompyuta mpya kwa kawaida huwa na madai ya aina mbili, na ni vyema kuyatenganisha.

La kwanza ni dai dhidi ya muuzaji. Hili linatokana na sheria ya nchi, na lipo hata kama hakuna karatasi yoyote ya dhamana iliyotolewa. Nchini Kenya, Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mlaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili, kupewa taarifa zinazohitajika, na kufidiwa kwa hasara inayotokana na kasoro za bidhaa. Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012 inaongeza kuwa muuzaji huhesabiwa kuwa ameahidi kwamba bidhaa yake ina ubora wa kuridhisha, na haki hiyo haiondolewi na makubaliano ya pembeni. Kwa hiyo maandishi yanayobandikwa katika maduka mengi, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, hayamwondolei muuzaji wajibu wake pale bidhaa inapokuwa na kasoro tangu mwanzo.

Kwa upande wa Uganda, tegemeo kuu la mnunuzi ni Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017. Nayo inamtaka muuzaji atoe bidhaa yenye ubora na inayofaa kwa kazi iliyokusudiwa.

Dai la pili ni dhidi ya kampuni iliyoiunda kompyuta. Msingi wake ni ahadi ya kampuni yenyewe, yaani dhamana, au waranti kama wengi wanavyoiita. Kwa kompyuta nyingi za matumizi ya nyumbani, ahadi hiyo hudumu mwaka mmoja. Baadhi ya zile zinazouzwa kwa ofisi hupewa miaka 3. Betri mara nyingi huwa na muda wake mfupi zaidi, hata pale mashine nzima inapolindwa kwa miaka kadhaa.

Tofauti hii ina maana kubwa mpakani. Tuchukulie mwalimu wa Tororo aliyenunua kompyuta katika duka la Busia upande wa Kenya. Dai lake dhidi ya mwenye duka litafuata sheria ya Kenya, kwa kuwa mauzo yalifanyika huko. Lakini dai lake dhidi ya kampuni iliyoiunda linaweza kushughulikiwa Kampala, ikiwa dhamana ya kompyuta hiyo inatambuliwa Uganda. Ikiwa haitambuliwi, atalazimika kuipeleka kwenye kituo cha huduma nchini Kenya au kuiomba kampuni ihamishe usajili wake.

Namba inayobeba historia ya mashine

Kila kompyuta mpakato ina namba yake ya utambulisho. Kwa kawaida hubandikwa au kuchapwa chini ya mashine, na huonekana pia kwenye boksi. Kwenye kompyuta za Dell, kwa mfano, ni mchanganyiko wa herufi na tarakimu 7. Kampuni kubwa kama Dell, HP, Lenovo na Apple zina kurasa za intaneti ambamo mteja huingiza namba hiyo na kuonyeshwa kama dhamana ingali hai na itakwisha lini. Huduma hiyo ni bure.

Mambo mawili yanafaa kuangaliwa katika jibu. Kwanza ni tarehe ya kuanza. Mara nyingine mfumo huhesabu tangu siku kompyuta ilipotoka kiwandani au ghalani, wala si siku ilipouzwa dukani. Mashine iliyokaa miezi 5 kwenye rafu inaweza kuonekana imebakiza miezi 7 tu. Mwenye risiti anaweza kuomba tarehe hiyo irekebishwe.

Pili ni nchi. Kompyuta iliyoingizwa na mfanyabiashara binafsi kutoka Dubai au kwingineko inaweza kuwa halisi kabisa, lakini imesajiliwa kwa ajili ya soko jingine. Baadhi ya modeli zina dhamana ya kimataifa; nyingine hazina. Ni busara kuomba namba hii na kuichunguza kwa simu mkiwa bado dukani, kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Kwa kompyuta zilizokwisha kutumika, zikiwemo zile ambazo wauzaji huziita “ex-UK”, dhamana ya kiwanda mara nyingi huwa imekwisha. Hapo mnunuzi hubaki na ahadi ya muuzaji pekee. Ahadi ya mdomo ya miezi 6 ni vigumu kuithibitisha, hivyo iandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya utambulisho, ili muuzaji asije akadai kuwa mashine iliyorudishwa siyo aliyoiuza.

Risiti yenyewe iwe ya mfumo wa kodi: EFRIS kwa Uganda, eTIMS kwa Kenya. Risiti hizo hubeba jina la muuzaji na tarehe, na zinaweza kuhakikiwa na mamlaka za mapato.

Kasoro ipi hutengenezwa bure?

Dhamana hugharamia kasoro za uundaji: skrini inayozimika yenyewe, kibodi yenye vitufe visivyoitika, diski inayokufa, bodi kuu inayoacha kufanya kazi, bawaba inayolegea bila kulazimishwa. Haigharamii ajali, maji, kuanguka wala matumizi mabaya, na mara nyingi haigharamii madhara ya umeme.

Hili la mwisho lina uzito wa pekee katika eneo hili. Tororo imekuwa ikitajwa kwa miongo mingi miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi zaidi duniani, zipatazo siku 250 kwa mwaka. Radi na umeme unaopanda na kushuka vinaweza kuunguza chaji na bodi kuu, na fundi wa kampuni akiona dalili za kuungua atakuwa na sababu ya kukataa. Kuchomoa chaji wakati wa ngurumo na kutumia kifaa cha kudhibiti umeme kunailinda mashine na kulilinda dai lenyewe.

Sababu nyingine ya kukataliwa ni kufunguliwa. Masharti mengi ya dhamana yanasema kampuni haitawajibika kwa uharibifu uliosababishwa na mtu isiyemwidhinisha. Mafundi wa mtaani wengi ni hodari, na dhamana ikishakwisha huenda wakawa msaada bora zaidi na nafuu zaidi. Lakini wakati dhamana ingali hai, wao wasiwe wa kwanza kuigusa mashine.

Ushahidi kabla ya safari

Vituo vilivyoidhinishwa na kampuni kubwa za kompyuta hupatikana zaidi katika miji mikuu. Kutoka Busia, Kampala iko takriban kilomita 200 na Nairobi zaidi ya kilomita 400. Aidha, dhamana nyingi za kawaida humtaka mteja aifikishe kompyuta kituoni kwa gharama zake. Kwa hiyo kazi kubwa inafaa ifanyike kabla ya kupanda basi.

Piga video tatizo linapotokea, na picha za kompyuta pande zote, ili ionekane haina ufa wala dalili ya maji. Andika maneno au namba za hitilafu zinazotokea kwenye skrini. Kompyuta nyingi zina uchunguzi wa ndani: kwenye HP nyingi hubonyezwa kitufe cha F2, na kwenye Dell F12, mara tu mashine inapowashwa. Uchunguzi huo ukigundua kifaa kibovu hutoa namba ya hitilafu. Namba hiyo ina nguvu kuliko maelezo marefu, kwa sababu imetolewa na programu ya kampuni yenyewe.

Kisha nakili mafaili yako yote kwenye diski ya nje au mahali pengine salama. Kituo kinaweza kubadilisha diski au kuifuta, na kwa kawaida kampuni hukataa lawama ya data iliyopotea. Ondoa pia akaunti za benki na nywila zilizohifadhiwa.

Barua fupi, yenye tarehe

Mawasiliano ya simu hurahisisha kuanza, lakini kinachobaki ni maandishi. Barua au baruapepe inaweza kuwa fupi kama hii:

“Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja. Mintarafu: Ombi la matengenezo ya bure. Nilinunua kompyuta mpakato yenye namba ya utambulisho … katika duka la … tarehe …, kwa risiti namba … . Tangu tarehe … skrini huzimika baada ya dakika chache, hata kompyuta ikiwa imeunganishwa kwenye umeme. Uchunguzi wa ndani umetoa namba ya hitilafu … . Kompyuta haijaanguka, haijalowa wala haijafunguliwa. Naomba ikarabatiwe bila malipo au nibadilishiwe nyingine ndani ya siku 14. Iwapo ombi hili litakataliwa, naomba sababu kwa maandishi.”

Kila sentensi hapo ina kazi yake. Namba na risiti zinathibitisha kuwa mashine ni yako. Tarehe ya tatizo inaonyesha kuwa lilijitokeza ndani ya muda wa dhamana. Muda wa siku 14 unaweka kikomo, na ombi la sababu kwa maandishi humfanya anayekataa afikiri mara mbili.

Barua hiyo ipelekwe kwa muuzaji na kwa kampuni iliyoiunda kompyuta pia. Muuzaji akisema “nenda kwa kampuni”, na kampuni ikasema “rudi kwa muuzaji”, majibu hayo mawili yakiwa kwenye karatasi yatakusaidia baadaye. Kampuni ikipokea lalamiko hutoa namba ya kumbukumbu. Ihifadhi, kwani ndiyo inayothibitisha kuwa uliripoti kabla muda haujaisha, hata kama kipuri kitachelewa miezi 2.

Kuhusu lugha, Kiswahili ni lugha rasmi nchini Kenya kwa mujibu wa Katiba, hivyo barua ya Kiswahili inajitosheleza. Nchini Uganda, ingawa Katiba iliyorekebishwa mwaka 2005 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, ofisi na mahakama hufanya kazi zaidi kwa Kiingereza. Kuambatanisha tafsiri fupi ya Kiingereza kutaepusha ucheleweshaji.

Kuvuka na kompyuta mbovu

Anayevuka mpaka kwenda kutengenezewa kompyuta anapaswa kuweza kuthibitisha, wakati wa kurudi, kuwa hakwenda kununua mpya. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inatambua bidhaa zinazoingizwa kwa muda na zile zinazorejeshwa zilikotoka. Lakini afisa wa forodha huamua kwa kuangalia anachoonyeshwa.

Kabla ya kuvuka, mwonyeshe afisa kompyuta, risiti yake na barua ya kituo cha huduma, na umwombe aandike au agonge muhuri nakala yenye namba ya utambulisho. Hili ni muhimu zaidi ikiwa kampuni inaweza kukupa mashine nyingine badala ya ile ya zamani, kwa kuwa namba haitalingana tena. Katika hali hiyo, rudi na barua ya kituo inayoeleza kuwa namba ya kwanza imebadilishwa na ya pili.

Unapoikabidhi kompyuta kituoni, hakikisha karatasi ya mapokezi inataja namba ya utambulisho, hali ya nje ya mashine na vitu ulivyoacha, ikiwemo chaji. Kumkabidhi dereva wa basi bila karatasi ni kujitafutia hasara. Na betri iliyovimba isisafirishwe kama mzigo wa kawaida. Inaweza kushika moto.

Dhamana ikiwa imekwisha

Kumalizika kwa dhamana si mwisho wa kila kitu. Zipo nyakati ambapo kampuni hugundua kuwa kundi zima la mashine lina kasoro ileile, na hulazimika kuzikarabati bure bila kujali tarehe ya kawaida.

Mwezi Agosti 2006, Dell iliitisha betri zipatazo milioni 4.1 zilizoundwa na Sony, kwa hofu kwamba zingeweza kushika moto. Mwaka 2008, kampuni ya Nvidia ilikiri kuwa baadhi ya vichakataji vyake vya picha kwenye kompyuta mpakato vilikuwa na kasoro, na kampuni kadhaa za kompyuta, zikiwemo HP na Dell, zikarefusha dhamana za modeli zilizoathirika. Mwezi Juni 2018, baada ya malalamiko ya wateja na kesi katika mahakama za Marekani, Apple ilianzisha mpango wa kukarabati bure kibodi za baadhi ya MacBook kwa miaka 4 tangu zilipouzwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata iliitisha betri za baadhi ya MacBook Pro za inchi 15, zilizouzwa zaidi kati ya Septemba 2015 na Februari 2017.

Mipango ya namna hii kwa kawaida hufuata namba ya utambulisho. Aliyenunua kompyuta kwa mkono wa pili katika soko la Busia anaweza kuhusika sawa na mmiliki wa kwanza aliyeinunua London. Kwa hiyo kabla ya kulipia betri, kibodi au bodi kuu, ni vyema kutafuta kwenye ukurasa wa kampuni kama modeli hiyo imewahi kuitishwa.

Ukikataliwa

Ikiwa siku zilizowekwa zimepita bila jibu, au sababu iliyotolewa haina msingi, kuna milango mingine ya kubisha.

Nchini Kenya, Mamlaka ya Ushindani hupokea malalamiko ya walaji dhidi ya wafanyabiashara wanaowapotosha. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 za Kenya, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Mdai anaweza kujisimamia mwenyewe.

Nchini Uganda, Shirika la Viwango la Taifa, UNBS, hupokea malalamiko kuhusu bidhaa zisizokidhi viwango. Kwa fidia au kurudishiwa fedha, kanuni za mwaka 2011 ziliweka utaratibu wa madai madogo yasiyozidi shilingi milioni 10 za Uganda. Mdai hutakiwa kwanza kumpelekea anayedaiwa notisi ya maandishi na kumpa muda wa siku 14, na pande zote hujieleza zenyewe bila mawakili. Kwa kuwa si kila mahakama huendesha utaratibu huu, anza kwa kuulizia katika masijala ya mahakama iliyo karibu.

Kumbuka kuwa kesi dhidi ya mwenye duka hufunguliwa kwa kawaida kule duka liliko. Aliyenunua Kenya na kuishi Uganda atalazimika kuvuka, na hukumu ya nchi moja haitekelezwi yenyewe katika nchi ya pili. Kenya na Uganda zote ni wanachama wa COMESA, ambayo tume yake ya ushindani, yenye makao Lilongwe nchini Malawi, ina jukumu pia la kuwalinda walaji katika biashara inayovuka mipaka. Mlango huo unafaa zaidi pale tatizo linapogusa wanunuzi wengi wa nchi zaidi ya moja.

Kwa mnunuzi mmoja mwenye kompyuta moja, kesi inapaswa kuwa hatua ya mwisho. Madai mengi huamuliwa mapema zaidi kwa vitu vichache: risiti yenye namba ya utambulisho, video ya tatizo, barua yenye tarehe, na mashine ambayo haijafunguliwa. Anayekusudia kununua wiki hii, upande wowote wa mpaka, aanze kwa kumwuliza muuzaji maswali mawili: dhamana hii inatambuliwa nchi gani, na ikiharibika niipeleke wapi? Akikosa jibu la wazi, duka lingine haliko mbali.